Mita Moja

"Mama, rudi nyuma, miwani inalia!" Radhia alicheka, akiruka kando.

Saumu alirudi nyuma. Sheria ilimkataza mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili kutazama kitu kilicho karibu kuliko mita moja, macho yake yasije yakarefuka na kushindwa kuona mbali. Miwani ya kupima umbali, ambayo kila mtoto huvalishwa, ikilia mara ya tatu, mtoto huchukuliwa akakae bweni la serikali. Hii ilikuwa mara ya pili.

Macho ya Saumu mwenyewe yalirefuka kabla ya sheria. Hata kwa lenzi nzito, mwisho wa kuona vizuri ulikuwa shubiri moja. Kwa umbali wa mita, binti yake wa miaka saba alikuwa gauni la njano linaloongea. Sasa retina, utando wa nyuma ya jicho, zilikuwa zinachanika, na daktari hakumpa zaidi ya mwaka mmoja wa kuona.

"Picha zake si unazo?" aliuliza Mbaruku, mumewe, Saumu aliposema anataka kuuona uso wa binti yao kwa karibu.

"Picha hainioni."

Mchana Radhia alisinzia mkekani. Macho yakifumbwa, miwani hunyamaza. Saumu akapiga magoti, akainama hadi pua ikakaribia shavu. Aliona kope, unywele mmoja mmoja, na kovu dogo la tetekuwanga. Pumzi yake ikamwamsha mtoto.

"Mama?" Radhia alizidi kufumba macho kwa nguvu. "Usiogope, sifumbui mpaka uondoke."