Mstari wa Manjano Kwenye Klipu

Lori lilianza tena kupiga mluzi.

Mbuvi, dereva wake, aliusikia likipanda mlima: mluzi mwembamba, kisha moshi mweusi, kisha nguvu zikaisha kabisa. Akageuza na kurudi Kawangware, mzigo mgongoni na jina moja kichwani. Sifuna.

Fundi Sifuna ndiye aliyebadilisha intakula, ile rejeta ya mbele inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Ya zamani ilikuwa imepasuka. Aliweka mpya, na paipu mpya za mpira. Tangu hapo klipu ya paipu moja ilikuwa ikilegea kila mara, hewa ikivuja, na kila mara Sifuna alipata kazi.

Kwa hiyo leo pale garage Mbuvi alikaa juu ya tairi kuukuu, karibu kabisa na mikono ya fundi. Dereva yeyote wa Kawangware anajua: ukimwacha fundi peke yake na gari lako, utaondoka na vipuri vya mtu mwingine.

"Buda, unanikalia kama askari jela," Sifuna alisema kutoka chini ya bampa.

"Fanya kazi."

"Nimefanya. Shida ni kuna mtu anaifungua."

"Mtu gani? Hii lori inajua mikono yako tu."

Sifuna alishika spana. Alikaza klipu, akaipaka povu la sabuni. Hakuna pumzi iliyotoka. Kisha akachovya brashi kwenye mkebe wa rangi na kuchora mstari mwembamba wa manjano, kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye klipu.

"Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari utakatika. Hapo tutajua."

"Tutajua," Mbuvi alisema. Hakupenda kwamba mtego ulitegwa na yule yule aliyemshuku.

Kamene, mkewe, alifika na githeri ya mahindi na maharagwe ndani ya hotpoti. Alikuwa ametoka kazini, nje ya geti la mtaa wa Nyayo Highrise, ambako huwapaka wanawake rangi ya kucha. Kucha zake mwenyewe zilikuwa kila moja na rangi yake, ili wateja wachague. Aliinama karibu na Sifuna na, kama alivyozoea, kumshikia tochi huku mstari ukikauka.

"Shem, ukichoka na kucha nitakuandika kazi," Sifuna alitania.

"Utanilipa na nini, povu?" Kamene aligeuka. "Na mlinzi wako je?"

Mbuvi alikuwa amesinzia juu ya tairi, kijiko mkononi. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikandamiza vumbi.

"Hata kitandani anakanyaga breki," Kamene alisema.

Mafundi wote wakacheka. Kamene hakucheka.

Simu ilimwamsha Mbuvi. Alikuwa Kagiri, mwenye lori, na sauti yake ilisikika hadi kwenye kibanda cha chai. "Uende Malaba leo hii, ushushe, ugeuze. Hakuna kulala njiani. Na hiyo lori ikirudi garage tena, funguo nampa dereva mwingine. Umesikia?"

"Ndiyo, boss."

Kamene alifunika hotpoti polepole. "Baba Mwende, kile kioo cha upande kilivunjwa na nini?"

"Si nilikwambia? Tawi."

"Juzi ulisema ng'ombe."

Mbuvi alipanda lori akaenda hadi mpakani Malaba, akarudi bila mluzi hata mmoja. Akapakia mzigo mwingine siku ile ile aliyorudi, akaegesha nyuma ya ploti yao huko Riruta, na kabla ya kuingia ndani akaumulika mstari wa manjano. Ulikuwa umenyooka. Akalala kama gogo.

Asubuhi Kamene aliomba lifti. Hawakuwa wamefika hata barabara kubwa, mluzi ukaanza.

Mbuvi aliligeuza lori hadi garage. Alishuka akiwa ametoa macho. Sifuna aliinua grili ya mbele, na wote wakachungulia.

Mstari haukuwa umekatika. Lakini Sifuna alipoigusa klipu, ilizunguka yenyewe kwenye vidole vyake.

"Rangi ni yako!" Mbuvi alimkaba kola. "Mstari ni wako! Ulifungua, ukachora tena. Nani mwingine ana hiyo rangi? Kazi yangu imeenda, mwizi wewe!"

"Niache nikuonyeshe!" Sifuna, kola ikiwa bado imekabwa, alinyoosha mkono na kuukwaruza ule mstari kwa ukucha. Ulibanduka mzima, laini, unang'aa. "Angalia. Yangu ni ya mafuta, haibanduki hivi. Hii si rangi ya gari."

"Ni ya nini basi?"

Mkono mwingine ulimshika Mbuvi kiganja, ukaanza kukibandua kwenye kola ya fundi, kidole baada ya kidole. Kwenye kidole cha mwisho cha mkono huo, ukucha ulikuwa wa manjano.

"Mwachilie fundi wa watu," Kamene alisema. "Kabla hujalala tena kwenye usukani, mpigie Kagiri aje achukue funguo zake. Na usiningoje niombe msamaha, kwa sababu siombi."