Picha ya Siku ya Mtakatifu Mikaeli

Mama Alwin aliingia kwa hakimu na theluji viatuni, picha ya mwanawe kaibana kifuani kama mtu aliyeokoa mtoto motoni. Nje, sokoni, mafundi walikuwa wanapigilia jukwaa la kukatia kichwa.

Kichwa chenyewe kilikuwa cha Alwin Rübsam. Ilisemekana ndiye aliyemuua mlinzi wa msitu wa mtawala, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwaka huohuo wa elfu moja mia nane na kumi na tisa. Mwenyewe hakubadili neno: siku hiyo kutwa alikuwa ng'ambo ya milima, kwa mchoraji Ohm, anachorwa. Na Ohm yuko wapi? Kaburini, kifua kilimmaliza mwezi uliopita. Lakini Ohm hakuwahi kuacha picha bila tarehe, na mtawala alikwisha sema: tarehe ikionekana, kijana aende zake, isipoonekana, yeye mtawala asisumbuliwe tena.

Huyo Ohm nani asiyemjua? Nywele mabegani, kofia ya mahameli, na kiapo kwamba tangu wafe wachoraji wa Italia wa miaka mia tatu iliyopita, hakuna tena aliyejua kushika penseli. Ukimpa habari za mjini anakwambia karne hii amepanga tu, kwao si hapa.

"Mama Alwin, rudi ukapike," mwendesha mashtaka alimwambia. "Yule Ohm hata kunguni wake walikuwa wa kale."

Mama hakujua kusoma hata jina lake, ila aliyaona maandishi chini ya picha, akaiweka mezani.

"Soma hapo chini, baba. Hapo ndipo alipo mwanangu."

Hakimu akaisogeza dirishani. Mistari myembamba kama unywele, kila ukope mahali pake. Akamtazama kijana aliyesimama na pingu, akaitazama picha. Pua ileile, kovu lilelile la kidevuni.

"Ni yeye," akasema. Mwendesha mashtaka akakaa chini.

Hakimu akavaa miwani. "'Alwin Rübsam, nimemchora tangu asubuhi hadi machweo, siku ya Mtakatifu Mikaeli...'"

Mama akamshika Alwin mkono, akaanza kulia kwa shukrani.

Hakimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"'...mwaka wa Bwana,'" akasoma polepole, "'elfu moja mia tano na kumi na tisa.'"