Santuri Iliyokwaruzwa

Santuri ilipofika redioni, hakuna aliyekuwa ameisikia mjini. Ilikuwa ya bendi ya vijana wa Kiingereza waliopigwa picha wamelala majenezani, wanacheka. Kwao makanisa yaliwalaani, nao wakazidi kupanda chati.

"Hii isipigwe. Fanya kama desturi yetu," meneja, Bwana Ngoda, alimwambia mtunza santuri, Bi Salhina.

Bi Salhina akachukua msumari, akaikwaruza kwenye ubeti wa pili, ili sindano ikwame na asiwepo mtangazaji wa kuipiga.

Wiki iliyofuata kadi za wasikilizaji zilikuja kwa magunia, zote zikiomba wimbo ule. Ukawa namba moja bila kupigwa hata mara moja.

"Nani kaurusha?" alifoka Bwana Ngoda.

Bi Salhina akafungua dirisha. Muuza maandazi alikuwa akiuimba, na mtaa mzima ukampokea. Walipofika ubeti wa pili wakakwama wote kwenye neno moja, wakalirudia, wakalirudia, palepale msumari ulipopita.

"Nakuuliza wewe, mama!"

Bi Salhina akageuka. "Wallahi bosi, si mimi. Si mimi. Si mimi. Si mimi."

Bwana Ngoda akanyoosha kidole kuelekea midomo ya Bi Salhina, taratibu, kama mtu anayetaka kuinua sindano.