Dakika Tano Bila Kutikisika

Ruth alipewa penseli mlangoni, akaishika kama kisu. Mlinzi alimweleza utaratibu wa ukumbi: anayeingia anachora, asiyechora anatoka, na simu hazitolewi. Ruth akamjibu kuwa hakutoka kwake Sakina mpaka Usa River kuja kuchora. Basi geti ni lile, mlinzi akasema. Ruth akaingia, akakaa nyuma kabisa, karatasi mapajani, kitenge kwenye mkoba.

Kitenge kilikuwa cha kumfunika binti yake, Sia.

Jukwaani Sia aliimba, akazungusha kiuno, akatupa mguu juu ya kiti. Gauni la shanga liliishia mapajani. Kengele ilipolia aliganda vilevile, mguu juu, na watu arobaini wakainama kumchora. Dakika tano bila kutikisika. Alishamwona mama yake. Hata kope hakupepesa.

Kwenda kumburuta palepale ilikuwa kujitangaza. Tabea wa kwaya ndiye aliyeleta habari hizi, na Ruth alimziba mdomo kwa shida. Baba na wajomba wa Eliud, mchumba wa Sia, walishaleta mbege ya kwanza, pombe ya posa. Jumamosi wangekuja wanawake wa upande wao, ambao Ruth alikuwa bado hajawatia machoni. Wakisikia hili, hawaji. Na Sia ana miaka thelathini na mbili. Ruth aliamua kungoja mapumziko, amtoe kupitia mlango wa jikoni.

"Hujachora hata mstari," alisema mwanamke wa kiti cha pili, mwenye mvi na sweta nzito. Karatasi yake yeye ilishajaa: shingo, mabega, mpaka vidole vya miguu.

"Sina cha kuchora. Wewe mama mzima huoni aibu?"

"Naona msichana yuko kazini."

Ruth akamwambia kazi ni kufundisha, kazi ni kufungua duka, si kuanika mapaja. Mwanamke akamuuliza kama anamfahamu yule binti, mbona macho hayambanduki. Ruth akasema hamjui na wala hataki kumjua. Binti wa kwake yuko Dodoma, ana ofisi na meza yake. Yule akachekea puani. Akasema wa Dodoma wana raha, mama zao wako mbali.

Hapo Ruth akapandwa na hasira.

"Huyo hakulelewa. Na ukoo utakaomwoa huyo ni watu wasio na akili wala haya."

Mwanamke akaacha kuchora. Akamtazama Ruth kwa utulivu, paji la uso mpaka kidevu, kama alivyokuwa akimtazama yule wa jukwaani.

"Hebu rudia," akasema.

Ruth akarudia, na akaongeza la kwake: watu hao hata maji ya kunywa asingewapa.

Kengele ikalia, ukumbi ukapiga makofi. Kabla Ruth hajanyanyuka, Sia alishateremka, jasho likimtiririka shingoni, akaja moja kwa moja mpaka nyuma. Hakumtazama mama yake. Alipiga goti mbele ya yule mwenye mvi, akamwamkia.

"Mama Eliud," akasema, "naona mmeshafahamiana na mama."