Nyororo Mlangoni kwa Konokono

Zamani, chini kabisa baharini, ukoo wa konokono ulikuwa na tumbawe lake la kutagia mayai. Desturi yao ilikuwa hii: mlinzi anakugonga mgongoni, na mgongo ukilia ko ko ko, unaingia.

Siku moja akaja Nyororo, mrefu kama mnyoo, hana gamba, na mayai yamemjaa tumboni.

Mlinzi Duvi akamgonga. Kimya.

“Wewe mnyoo, dada. Nenda kwa wenzako.”

“Nimetoka huko, kaka. Wamenikataa, eti ulimi wangu una meno.”

Bi Konokono, mkubwa wa ukoo, akageuka. “Una meno? Hebu paruza hapa.”

Nyororo akaparuza jiwe kwa ulimi, kwaru kwaru. Bi Konokono akaparuza pembeni yake. Alama zikafanana kabisa.

“Kumbe miaka yote tunagonga migongo bure! Kuanzia leo tunatazama ulimi. Duvi, mwanangu, anza wewe.”

“Leo koo linaniuma, bibi,” Duvi akasema, akajikunyata.

Bi Konokono akachungulia ndani ya gamba la Duvi. Akaona miguu ya kaa.

“Ala! Kaa! Na hili ni gamba la marehemu mjomba wangu! Livue, uondoke!”

Duvi akaanza kulivua. Nyororo, aliyekwisha ingia nusu mwili, akasimama.

“Aondoke nalo, bibi,” akasema. “Kutembea bila gamba nakujua mimi.”

Kisha akaingia, akataga.