Sauti ya Mwalimu Shaweji

"Mumeo bado anakuamsha alfajiri?" jirani yangu Mama Tunu aliniuliza siku moja.

"Ananiamsha, shoga."

Sauti ya marehemu mume wangu, Mwalimu Shaweji, ilikuwa ndani ya kikasha juu ya kabati. Kila alfajiri iliniuliza, "Bi Sauda, umeshaswali?"

Siku hizi wabunge wakigawa bajeti hawasikilizi walio hai. Husikiliza sauti ya marehemu, mara moja tu, kisha inafutwa. Katibu wa chama cha walimu na wauguzi akaja kuniomba ile yangu.

"Mama, sisi tumepiga kelele miaka saba, hata chafya hatujajibiwa."

Nikaikumbuka zahanati isiyo na dawa alimofia Mwalimu. Nikakubali.

Bungeni, nikiwa nimeketi kando ya kikasha, sauti ikaamuru, "Simameni!" Wabunge wakasimama kama darasa la tatu. Mwalimu akaomba madawati, akaomba dawa, hakumbembeleza mtu. Spika akasema, "Tumekusikia, Mwalimu."

Kisha kikasha kikauliza, "Bi Sauda, umeshaswali?"

Nikafungua kinywa nimjibu, taa ya kikasha ikazimika. Nikajitanda khanga yangu, nikatoka.