Sikio la Kushoto

Maman Bibiane alirudi mapema kutoka soko la Kadutu, na sisi majirani zake tulikuwa tumepanga afike jioni, akute tumeshatawanyika.

Akasimama mbele ya ile nyumba ya wageni ya wakati wa Wabeleji, beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Kwenye ukuta wake mrefu mchoraji alikuwa anachora sura za marehemu wa mtaa wetu. Alikuwa anamalizia sikio la kushoto la sura ya mwisho. Lilikuwa na pengo pale chini, kama lililong'atwa na panya.

"Papa, huyu umekosea," Bibiane akamwambia kwa upole. "Huyu ni bwana yangu. Iko Shabunda, anachimba dhahabu."

Mchoraji, mtu wa Mudaka asiyejua habari zetu, hakugeuka. "Maman, mimi nachoraka wenye walikufa tu. Photo walinipatia hawa."

Akatuonyesha kwa brashi.

Sisi, ambao hatujawahi kuifungia mdomo mimba ya mtu wala ndoa yake, habari hii ya bwana wake tuliifungia miezi minane, tangu shimo la dhahabu lilipomfukia. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Mwisho tukaona afadhali ukuta umwambie.

Bibiane akatua beseni. Akaligusa lile pengo kwa kidole. Rangi mbichi ikamganda.

"Dimanche, kisha misa, mulikula kwangu," akasema bila kutuangalia. "Mukaniambia nimuwekee bwana yangu paja la kuku."